Mkataa Kwao

Kijana amejificha peke yake, na mkononi ana kipande cha uzi. Anaivuta ngozi ya uume wake mbele, kidogo kidogo, pumzi ameizuia, kisha anaizungushia uzi na kuukaza ili ngozi isirudi nyuma. Anajaribu kuurudishia mwili wake kitu ulichoondolewa siku nane baada ya kuzaliwa. Uzi unamkata. Siku zinazofuata pale mahali panavimba, naye anatembea akijikaza asichechemee mbele ya wenzake, maana wenzake hao wamevaa sare za Vijana wa Hitler, naye amevaa sare hiyo hiyo, na wakijua kwa nini anachechemea watamuua. Picha hiyo imo katika Europa Europa, filamu ya mwaka 1990 ya Agnieszka Holland, mwongozaji kutoka Poland, na tangu niitazame haijanitoka. Filamu za Maangamizi ya Wayahudi zimetuzoesha treni, nyaya za miiba, moshi na malundo ya viatu. Ni haki zituonyeshe hayo, kwa kuwa waliouawa walikuwa watu milioni sita na ukubwa wa jambo lazima uonekane. Lakini hapa yupo mtoto mmoja, uzi mmoja, na ngozi isiyotosha, na mimi niliyetazama nilijikuta nimekunja ngumi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa ngozi hiyo. Kwetu mtoto wa kiume hupelekwa kwa ngariba, au siku hizi hospitali, na akirudi hupikiwa, hutunzwa, hufungwa shuka jepesi, akawa anatembea miguu imeachana huku watu wazima wakimtazama na kutabasamu kwa sababu sasa ni mwenzao. Wengine huingizwa jandoni kwa ngoma na nyimbo, wengine hutahiriwa wangali wachanga kwa kufuata sunna ya Nabii Ibrahimu, na ni kwa Ibrahimu huyo huyo Wayahudi nao wanakorudisha agano lao. Kovu hilo ni jambo la furaha. Ni njia ya jamii kumwambia mtoto: wewe ni wetu, hutapotea. Sasa mchukue mtoto mwenye kovu hilo, mweke katikati ya Ulaya ya mwaka 1941, ambako karibu wanaume wote wasio Wayahudi hawakutahiriwa, na ile alama ya kutopotea inageuka kuwa hati ya kifo. Mwanamume aliweza kubadili jina, kughushi cheti cha ubatizo, kujifunza sala za Kikristo na kupaka nywele rangi, kisha askari mmoja mtaani akamwamuru ateremshe suruali, na yote yakaishia hapo. Wasichana hawakuwa na alama hiyo, na hiyo ni sababu moja iliyofanya wengi wa wajumbe wa siri waliopita kutoka geto hadi geto nchini Poland wawe wanawake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Walikuwa wakimsema rafiki msaliti. Hawakupata kumwona kijana ambaye msaliti wake ni mwili wake, na ambaye msaliti huyo alipewa kwa mapenzi, na wazazi wake, siku ya sherehe.

Kijana huyo hakubuniwa. Aliitwa Solomon Perel, akazaliwa Aprili 1925 katika mji mdogo wa Peine, kaskazini mwa Ujerumani, ambako baba yake alikuwa na duka la viatu. Mwaka 1935 duka lilivunjwa na kuporwa, familia ikahamia Łódź nchini Poland, na mwaka 1939 jeshi la Wajerumani likawafuata huko huko. Wazazi wakaamua kwamba Solomon na kaka yake Isaac wakimbilie mashariki, upande uliokuwa umeshikwa na Wasovieti. Wakati wa kuagana, baba alimwasia mwanawe asisahau kamwe kwamba yeye ni Myahudi. Mama alimwambia aende, na aishi. Maagizo hayo mawili, yaliyotolewa mlango mmoja, dakika zile zile, ndiyo yaliyobeba maisha yake yote yaliyobaki. Zama za amani hayagombani. Mtoto huishi, na kwa kuishi kwake anakuwa mtu wa kwao. Anakula chakula cha kwao, anaoa, anazaa, anazika wazee, na baba na mama wote wawili wametiiwa bila yeye kujua kwamba ametii. Ubaya wa zama za Wanazi ulifika mpaka hapo, ndani ya nyumba, kati ya neno la baba na neno la mama, ukayatenganisha hata kijana asiweze kulishika moja bila kuliachia jingine. Nimemfikiria sana yule mama. Bila shaka naye alitaka mwanawe abaki Myahudi. Lakini aliona kitu ambacho baba, kwa heshima ya imani yake, hakutaka kukiona: kwamba wale waliokuwa wanakuja hawakutaka kuwabadilisha dini. Zamani, katika nyakati nyingine za mateso, Myahudi aliyekubali kubatizwa mara nyingine aliachwa. Hawa hawakutaka ubatizo wa mtu. Walitaka asiwepo.

Mashariki, katika mji wa Grodno, Solomon aliwekwa katika nyumba ya watoto yatima iliyoendeshwa na Wasovieti. Kuna tukio dogo la huko katika filamu ambalo watu hulitaja kama kichekesho, lakini kwangu ni zito. Watoto wanaambiwa wamwombe Mungu awape peremende. Wanaomba, hakuna kinachotokea. Kisha wanaambiwa wamwombe Stalin, na peremende zinamiminika kutoka darini. Watoto wanazigombania sakafuni. Njaa ni mwalimu mwepesi kueleweka, na mtoto aliyetengwa na wazazi wake huifuata sauti yoyote inayomwita kwa jina. Solomon anajifunza Kirusi, anaimba nyimbo za chama, anaikana dini mbele ya darasa. Hapa anaanza kuvaa ngozi ya kwanza, kabla hata hajawaona askari wa Hitler, na hapa ndipo ninapoanza kuelewa kile ambacho Holland anakisema bila kukitamka: kwamba Ulaya ile ilikuwa na milango miwili mikubwa, kila mmoja na picha ya mtu mwenye masharubu juu yake, na hakuna uliomruhusu mtoto aingie akiwa kama alivyo. Baadaye katika ndoto yake Hitler na Stalin wanacheza dansi pamoja, wameshikana viuno. Ndoto hiyo haijatiwa chumvi. Mkataba kati ya watawala hao wawili, wa Agosti 1939, ndio uliokata Poland vipande viwili na kumfanya kijana huyu kuwa mkimbizi ndani ya nchi aliyokwisha kukimbilia.

Juni 1941 Wajerumani wakauvunja mkataba, na karibu na Minsk Solomon akakamatwa pamoja na umati wa wakimbizi. Wakapangwa mstari. Askari walikuwa wakichambua watu: Wayahudi na makamisaa wa Kisovieti waliondolewa na kupigwa risasi. Alikuwa na miaka 16. Kabla zamu yake haijafika alichimba udongo upesi na kufukia karatasi zake. Zamu ilipofika akasema yeye ni Mjerumani aliyezaliwa nje ya Ujerumani, na wakamwamini, kwa sababu Kijerumani chake kilikuwa safi, Kijerumani cha Peine, lugha ya nchi iliyomfukuza. Katika eneo letu tunajua karatasi kama zile zina uzito gani. Rwanda ilirithi kutoka kwa Wabelgiji vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari mmoja wa maandishi ulitosha kumuua mtu. Wapo waliochana kadi zao, wapo waliozitupa, na wapo waliokosa kadi ya kuonyesha wakatazamwa pua na urefu wa mwili. Kwa hiyo ninapomwona kijana huyu akifukia jina lake ardhini, simwoni wa mbali. Nasikia tu methali yetu ikigonga kichwani: mkataa kwao mtumwa.

Methali hiyo tumelelewa nayo. Tunaisema kwa mtu aliyehamia mjini akajifanya hajui kilugha chao, kwa aliyepata cheo akamwona nduguye wa kijijini kama doa. Kwa watu hao ni haki yao. Nimejaribu kuitumia kwa Solomon Perel na imekataa kushika. Mwenye kukataa kwao lazima awe na mahali pa kuchagua. Anaacha nyumba iliyo wazi na kuhamia nyingine iliyo wazi. Huyu nyumba yake ilikuwa imezungushiwa ukuta na njaa imetiwa ndani, na aliyesimama mlangoni alikuwa na bunduki. Tena mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliokaa sebuleni tukitazama filamu, taa zinawaka, chai ipo, tunaweza kuuona mzigo huo ni mwepesi na kuuliza kwa nini hakusimama akatangaza alivyo. Swali hilo limeulizwa, na huulizwa na watu wazuri. Nadhani linakosea kuhusu nani anapaswa kujibu. Wa kujibu ni aliyeandaa mstari ule wa watu karibu na Minsk. Mtoto aliyesimama kwenye mstari hana deni la maelezo kwa yeyote.

Askari waliomchukua walimpenda. Wakampa jina la utani, Jupp, wakamfanya mkalimani wao, naye alikuwepo wakati Yakov, mwana wa Stalin, alipotekwa na kuhojiwa. Kisha wakampeleka Braunschweig, mwendo mfupi tu kutoka Peine alikozaliwa, kwenye shule ya bweni ya Vijana wa Hitler. Huko kuna tukio la darasani ambalo mtu akiliona hasahau. Mwalimu wa elimu ya mbari anamwita mbele, anampima fuvu kwa kifaa cha chuma, upana, urefu, anaangalia macho, anaangalia nywele, kisha anawatangazia wanafunzi kwamba kijana huyu ana damu ya Kiarya, ya tawi la Baltiki ya Mashariki. Wenzake wanamtazama kwa heshima. Perel mwenyewe alisimulia kwamba jambo hilo lilimtokea kweli. Mtu anaweza kukusudia kulicheka, lakini fikiria kijana anasikia nini pale mbele. Sayansi yote iliyotumiwa kuwaua watu wake imemgusa kwa vidole na haikumjua. Ina maana hapakuwa na kitu cha kujulikana. Damu ile waliyodai kuinusa kutoka mbali haikuwepo popote ila katika makaratasi yao, na kwa karatasi hizo hizo watu waliendelea kupakiwa kwenye treni.

Hapo nalazimika kumkumbuka mtu mwingine, mtu wetu, aliyekuwa Ujerumani miaka hiyo hiyo. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akapigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza angali mtoto, na mwaka 1929 akahamia Berlin, ambako alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifanya kazi ya uhudumu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni Berlin, na akaigiza katika filamu, zikiwemo zile za Wanazi za kuusifu ukoloni. Mwaka 1941 alionekana katika filamu juu ya Carl Peters, yule yule aliyewanyonga watu Kilimanjaro. Mwaka huo huo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila kufikishwa mahakamani kwenye kambi ya Sachsenhausen, na akafia huko Novemba 24, 1944. Ninawaweka wawili hao karibu kwa sababu mmoja anamfafanua mwingine. Perel aliigiza kila siku ya miaka ile, na uigizaji ukamwokoa, kwa kuwa alama yake ilikuwa chini ya suruali. Husen aliwaigizia Wajerumani hadithi waliyotaka kuisikia, tena mbele ya kamera, na haikumsaidia, kwa kuwa yeye hakuwa na pa kuificha ngozi yake. Ni bahati tu ndiyo iliyowatofautisha, mahali alama ilipokaa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika filamu wapo wawili au watatu wanaoijua siri ya Jupp, na kwangu hao ndio moyo wake. Wa kwanza ni askari anayemkuta akioga. Askari huyo, ambaye kabla ya vita alikuwa mwigizaji, anampenda kijana kwa namna ambayo utawala wa Hitler ulikuwa unawafungia watu kambini, na mwanzo anamwendea kwa kumlazimisha. Anapomwona alivyo, anaacha, na kuanzia hapo wanakuwa watu wawili wenye siri mbili, kila mmoja ameushika uhai wa mwenziwe mkononi. Wa pili ni mama yake Leni. Leni ni msichana anayempenda Jupp na kumpenda Hitler kwa moyo ule ule mmoja, na siku moja anasema wazi angemfanya nini Myahudi akimshika. Mama yake anamtazama kijana kwa muda, anamuuliza kama kweli yeye ni Mjerumani, na kijana, aliyekwisha kuvumilia miezi na miezi ya uongo, anashindwa. Analia. Anakiri. Mwanamke anamkumbatia na kumwonya asimwambie Leni. Ndani ya nyumba moja, mama na binti, mmoja angemfisha na mmoja amemhifadhi. Hakuna kipimo cha chuma ambacho kingewatenganisha wawili hao.

Likizo ilipofika, Jupp alikwenda Łódź akiwa na sare yake, kuwatafuta wazazi. Wajerumani walikuwa wameubadili mji jina na kuuita Litzmannstadt, na humo wakafungia Wayahudi zaidi ya 160,000 katika mitaa michache. Barabara kuu zilizopita katikati ya geto ziliachiwa watu wa nje, na tramu ilipita bila kusimama, huku Wayahudi wakivuka juu yake kwa madaraja ya mbao. Holland anatuingiza ndani ya tramu hiyo. Vioo vimepakwa rangi nyeupe ili abiria wasione wanakopita. Kijana anasimama dirishani na kukwangua rangi mpaka apate upenyo mwembamba, wa kutosha jicho moja. Anaona mkokoteni. Anaona miili. Anaona mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, amempa mgongo, na mwili wake wote unamwambia kwamba yule ni mama. Tramu haisimami. Hawezi kupiga kelele, hawezi kuteremka, hawezi hata kutoa machozi, kwa sababu abiria wengine wanaiona sare yake. Anapita. Kesho yake anapanda tena. Nadhani hakuna mahali pengine katika filamu ambapo agizo la mama linaonekana kwa ukatili wake wote: ili amtii aliyemwambia aishi, lazima ampite. Baba yake Perel alikufa kwa njaa mle getoni. Mama yake aliuawa Chełmno mwaka 1944, kwa moshi wa sumu uliofungiwa ndani ya gari. Dada yake Bertha aliuawa kwenye msafara wa kutembezwa hadi kufa, walipokuwa wakitolewa kambi ya Stutthof. Filamu inamuua Bertha mapema, usiku wa mashambulizi ya Novemba 1938 dhidi ya Wayahudi, na sioni kwamba ilihitaji kufanya hivyo. Ukweli ulivyo ulikuwa umekwisha kutosha.

Kuna jambo ambalo Perel hakulificha hata pale ambapo kulificha kungemsaidia. Alisema mara nyingi kwamba kwa muda fulani hakuwa akijifanya tu. Alipiga saluti mpaka mkono ukazoea. Aliimba nyimbo za chuki mpaka zikamkaa mdomoni, akafurahia ushindi wa jeshi lililokuwa likiwaua wazazi wake, usiku akarudi kuwa Solomon, asubuhi akavaa tena. Na alisema Jupp hakufa mwaka 1945. Aliendelea kukaa ndani yake mpaka uzeeni, na hakuweza kumchukia kabisa, kwa kuwa Jupp ndiye aliyemfikisha Solomon salama. Watazamaji wengi hapa ndipo wanaposumbuka, na nadhani wanastahili kusumbuka. Tunataka mwathirika awe safi, ateseke huku moyo wake ukiwa mbali na wanaomtesa. Lakini kijana wa miaka 17 anataka kupendwa. Anataka kushinda mbio, anataka rafiki wa kulala kitanda cha jirani, anataka msichana amcheke. Wanazi walimpa hayo yote kwa jina lisilo lake, na akayapokea kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa na njaa nayo. Huo nao ni wizi waliomfanyia, na hauandikwi katika hesabu ya waliouawa. Holland alilijua jambo hili kwa njia yake: baba yake alikuwa Myahudi aliyepoteza wazazi wake katika Maangamizi, mama yake Mkatoliki aliyewasaidia Wayahudi wakati wa vita, na yeye akazaliwa Warszawa mwaka 1948, katika mji wa magofu ambamo watu wengi walikuwa bado na majina mawili. Filamu yake ilipokamilika, kamati ya Ujerumani haikuichagua kuiwakilisha nchi katika Oscar. Watengeneza filamu wa Ujerumani wakaandika barua ya wazi kuitetea. Huko Marekani filamu ikapewa tuzo ya Golden Globe, na maandishi yake yakapendekezwa kwa Oscar bila msaada wa kamati hiyo.

Vita vilipoisha, katika filamu, Solomon anajisalimisha kwa Wasovieti na hakuna anayemwamini. Anasema ni Myahudi, nao wanamwekea mbele picha za waliokufa kambini na kumuuliza, kama ni Myahudi, kwa nini hafanani na hawa. Miaka minne alijificha ili asijulikane. Sasa analia ili ajulikane, na bunduki imekwisha kuelekezwa kwake wakati Isaac, aliyetoka kambini, anapomwona na kumwita jina lake. Maishani mambo hayakwenda hivyo: alitekwa na Wamarekani, akaachiwa, na ndugu wakakutana baadaye. Hapa lakini mabadiliko ya filamu nayakubali, kwa sababu yanasema jambo la kweli: mtu aliyekana jina lake hawezi kujirudishia mwenyewe. Lazima aitwe na mtu wa kwao. Kisha ndugu hao wawili wanasimama nje, bega kwa bega, wanakojoa hadharani. Ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kijana huyo kufanya kitendo hicho bila kutazama nyuma yake. Kaka anamwonya asimsimulie mtu hadithi yake, maana hakuna atakayeiamini. Akatii. Alihamia Israeli mwaka 1948, akafanya biashara ya kutengeneza zipu, akaoa, akapata watoto wa kiume, na kwa takriban miaka 40 akanyamaza. Mficha uchi hazai, tunasema, na yeye aliuficha kuliko mtu yeyote ninayemjua habari zake, kisha akazaa. Mwishoni mwa filamu sauti yake inatuambia kwamba wanawe walipozaliwa hakusita sana kuwatahiri. Hakusita sana. Kwa hiyo alisita. Alisimama juu ya mtoto mchanga, akakumbuka uzi, akakumbuka mstari wa watu karibu na Minsk, akaijua gharama kuliko baba yeyote aliyewahi kusimama pale, na akaruhusu wembe upite.

Hilo ndilo jibu langu kwa methali. Asiyejua bei ya kuwa wa kwao anaweza kujisifu kwamba hajawahi kukataa, na kwa kweli hajawahi kuulizwa. Perel aliulizwa akiwa na miaka 16, akajibu alivyojibu, na baadaye, bila kulazimishwa na yeyote, akaiweka alama ile ile kwenye miili ya wanawe. Baba alitiiwa, ingawa alichelewa kutiiwa, na mama alitiiwa kwanza, jinsi ilivyotakiwa, kwa kuwa maiti hamkumbuki mtu wala hatahiri mtu. Baada ya kuugua moyo alianza kuandika, na baada ya kitabu na filamu akaanza kurudi Ujerumani, mwaka baada ya mwaka, kuzungumza na wanafunzi katika lugha ile aliyojiokolea nayo. Aliwaambia juu ya Solomon na juu ya Jupp pia, kwa kuwa aliamini vijana wanapaswa kujua jinsi chuki inavyoweza kumwingia hata yule inayemwinda. Alifariki Februari 2, 2023, akiwa na miaka 97.

Ukiipata filamu hii, usiitazame peke yako. Itazame na kijana wa miaka 16, mwanao au wa jirani, na usimweleze mapema nani amwonee huruma na nani amlaumu. Ikiisha, muulize angefanya nini pale kwenye mstari, na umpe muda wa kujibu. Na akikuuliza wewe ungefanya nini, mjibu kweli.